Bunduki ya Silikoni kwa Paa la Baba

Kipsongo, Kitale
Jumapili, baada ya ibada

Kwako Wanyonyi, ndugu yangu, mwana wa mama,

Mulembe. Hamjambo huko Lugulu? Mkeo Nasimiyu, mulamwa wangu, hajambo? Watoto wamepona kile kikohozi, au bado wanapasiana kama mpira? Mimi niko. Nikisema niko mzima nitakuwa nimemwongezea Mungu kazi ya kunisamehe, kwa sababu mgongo unaniuma na mvua ya Kitale mwaka huu imekosa adabu kabisa. Lakini nimeamka, nimeenda kanisani, nimerudi, na chai ninayo hapa mezani. Baba je? Tafadhali usiniandikie tena kwamba "anaendelea vizuri." Hiyo anaendelea vizuri yako naijua. Ndiyo ile ile uliyokuwa ukiniambia wakati wa Mama, mpaka siku ile nilipofika nyumbani nikakuta watu wameshawasha moto wa matanga uani.

Utauliza kwa nini naandika barua na wewe una simu mfukoni. Nakujua, Wanyonyi. Nikipiga utaiweka ile simu iongee kwa sauti ndiyo nyumba nzima isikie, na Baba hapo kitandani ameinua kichwa kama kuku aliyesikia mahindi yakimwagwa. Haya maneno si ya kusikiwa na Baba. Kwa hivyo chukua barua, nenda nayo huko chini kwa migomba, keti, soma peke yako. Nasimiyu utamwambia baadaye, kwa maneno yako, ukiwa umetulia.

Kwanza habari za huku, maana najua utaniuliza. Bado niko kwa hardware ya Mama Njeri. Yule mama ni mkali lakini si mbaya. Tangu ile vurugu ya uchaguzi, walipovunja mlango wakabeba mali, duka halijarudi lilivyokuwa. Zamani tulikuwa wafanyakazi wanne pale, sasa nimebaki peke yangu. Mimi ndiye napima misumari, mimi ndiye nabeba simiti, mimi ndiye napanguza kaunta, na mteja akikosa cha kununua mimi ndiye napewa lawama. Mama Njeri mwenyewe anakaa pale nyuma na kitambaa chake kichwani akisema, "Nelima, hawa watu wa kwenu wanauliza bei tu, wanafikiri hapa ni maktaba?" Namwambia na wa kwenu je, wao si ndio wanauliza mara mbili? Anacheka, anafunga mdomo. Lakini nikimwomba ruhusa hata ya siku moja hacheki tena. Kila asubuhi tukifungua kuna wasichana wawili watatu wamesimama kwa veranda wanauliza kama kuna kazi, na anahakikisha kwamba nimewaona. Ndiyo maana unaona natuma vitu badala ya kuja. Usinikasirikie. Mimi nimeshajikasirikia vya kutosha.

Hapa Kipsongo chumba changu maji yanapita chini ya mlango kama mpangaji mwenye haki yake. Nimeinua kitanda kwa matofali. Nikilala nikisikia mvua inavyopiga mabati, kitu kinachonijia si chumba hiki. Najua mvua ya huku na ya kwetu ni moja, inatoka mlimani inashuka, na ikishamaliza kunisumbua mimi inaenda kumtafuta Baba.

Sasa tuingie kwa jambo lenyewe. Uliniambia kwamba siku mlipompeleka Baba hospitali ya misheni, daktari alisema kifua chake kinataka mahali pakavu, ya kwamba dawa bila ukavu ni kazi bure. Ukaniambia pia kwamba kule kwa matanga ya kina Barasa kulikuwa na kijana kutoka Bungoma mjini aliyekueleza juu ya bunduki ya silikoni: ati unaweka tyubu ndani, unabonyeza, inatoka dawa kama ya meno, unaziba kila tundu, na maji hayapiti milele. Ukaniambia, "Dada, wewe uko kwa hardware, nichagulie moja nzuri, mimi nitapanda mwenyewe nizibe paa lote." Ulikuwa na furaha hata nikaona aibu kukuuliza swali. Kisha ukampa Baba simu naye akacheka, akasema, "Kumbe sasa hata paa linapigwa sindano."

Nilicheka na mimi. Halafu nikakata simu nikakaa.

Kwa sababu, ndugu yangu, hakuna kitu kinachoniuma kama kufikiria kwamba nyumba yako, kavu, yenye mabati mapya, iko hapo tu ng'ambo ya uwanja. Baba anaiona akiwa mlangoni. Na hawezi kulala humo. Nilijaribu, unajua? Mwezi uliopita nilimpigia nikamwambia, "Baba, hama kwa Wanyonyi mpaka mvua ipungue, Nasimiyu na watoto wataenda kwa jirani." Kisha akaniambia pole pole, "Nelima, unataka nilale mahali mke wa mtoto wangu analala? Nipite kwa mlango wake na fimbo yangu, nivue viatu kando ya kitanda chake? Kitale imekufanya mtu wa wapi wewe?" Nikasema Baba, ni ugonjwa, Mungu anaelewa. Akasema Mungu anaelewa lakini mkwe ni mkwe. Na kumleta hapa kwangu, chumba kimoja, baba na binti yake aliyeachika, hilo hata sikulitamka. Angenikatia simu.

Na mabati mapya pia tulishaongea tukachoka. Kuezua hataki. "Nyumba ya mzee haiezuliwi mwenyewe akiwa ndani. Nikishatoka, toeni hata milango." Wewe mwenyewe ulimsikia. Tukasema basi tupige mabati mapya juu ya yale ya zamani, na wewe ukaingiza kisu kwa mbao za juu kikazama chote mpaka kwa mpini, mchwa wamekula wakabakisha ganda. Hizo mbao hazibebi hata paka mnene. Turubai mlilofunga juu ya kitanda nalo linajaa maji linaning'inia kama tumbo la ng'ombe mwenye mimba. Kwa hivyo tumebaki na hii bunduki. Najua. Ndiyo maana niliichukua hiyo kazi ya kuchagua kwa moyo wote, kama mtu anayechagua daktari.

Dukani tuna aina tatu. Ya kwanza ni ile ya vyuma vyembamba, unaona ndani yote kama mbavu, na chuma chake cha kusukuma kina meno kama msumeno. Hiyo ndiyo watu wananunua kwa sababu ni rahisi. Ukibonyeza inalia kaka, kaka, kaka, unajiona fundi. Lakini ukiacha kubonyeza, dawa inaendelea tu kutoka, inachafua nguo, inachafua ukuta, na yale meno yakisagika kidogo chuma kinarudi nyuma chenyewe. Wengi wanatuletea zimepinda, wanataka tubadilishe, na Mama Njeri anawauliza kama walikuwa wanapigia nyoka. Hiyo nikaiondoa mara moja.

Ya pili ni nusu bomba, tyubu inalala ndani vizuri kama mtoto kwa mgongo. Chuma chake ni laini, hakina meno, na nyuma kuna kipande kidogo cha bati unachobonyeza kwa kidole gumba, dawa inasimama papo hapo. Hiyo niliipenda. Nikasema mtu akiwa kwa ngazi, mkono mmoja umeshika ukuta, anataka kitu kinachosikia amri. Nilitoa zote zilizokuwa kwa rafu. Nikavingirisha vyuma vyake kwa kaunta kimoja kimoja nione kipi kimepinda. Nikatazama kile kisahani cha mbele kinachosukuma tyubu, kama kinakaa sawa au kinacheza, kwa sababu kikicheza kinapasua tyubu kando na dawa inarudi nyuma kwa mkono wako. Mama Njeri akaniangalia akiwa na kikombe chake, akasema, "Wewe, unanunua bunduki ama unaoa?" Nikamwambia mama, niache. Nikaweka moja kando, nikaifunga kwa gazeti, nikaandika jina lako.

Ya tatu ni nzito, ya mafundi wa vioo. Hiyo nitaifikia.

Siku ile ile akaja Fundi Wafula, yule mtu wa Kimilili anayeweka madirisha ya maduka hapa mjini. Ni mteja wetu, ana maneno mengi kuliko kazi. Nikamwonyesha, nikamwuliza tyubu gani inafaa paa la mabati ya zamani. Akaniuliza, "Hiyo mabati mmewahi kupaka nini?" Nikamwambia ukweli. Kwanza lami. Unakumbuka wakati ule walipokuwa wanatengeneza barabara ya kwenda Webuye, Baba na wenzake wakaenda na debe wakachota lami, wakapaka kila mahali, kijiji chote kikawa na mapaa meusi na tukajiona watu wa maana? Halafu lami ilipopasuka Mama akaanza kuziba na sabuni ya kipande, anakanda na kidole, anasukuma ndani ya tundu la msumari. Mwaka baada ya mwaka. Lami, sabuni, lami, sabuni. Kila nyumba kwetu ni hivyo.

Wafula alianza kucheka. Kisha akaniona uso akaacha. Akasema, "Dada, sikia. Silikoni inataka kitu kisafi. Silikoni na lami ni kama mkwe na mkwe, hawaketi kiti kimoja. Na mahali sabuni imepita, hata ukiosha namna gani, utelezi unabaki. Utapaka, itakaa vizuri siku mbili, utasifiwa. Mvua ya kwanza ya maana, utaiokota chini kama kamba." Nikamwuliza, hata nikikwangua? Akasema, "Ukikwangua lami kwa bati lililooza, utabaki na nini? Shimo."

Unanijua mimi sikubali neno kwa mara moja. Nilifikiri labda ni maringo ya mafundi. Nyuma ya duka kuna vipande vya mabati ya zamani yaliyong'olewa kwa ghala. Nikachukua kimoja chenye kutu, nikakipaka lami kidogo kutoka kwa mkebe uliomwagika, kikakauka. Tundu nikaziba na sabuni nikaitoa. Kisha nikaweka silikoni juu, kwa ile ile bunduki yako, taratibu, vizuri, nikalainisha na kidole chenye maji kama nilivyoona wakifanya. Wanyonyi, ilikuwa inapendeza! Nyeupe, imenyooka. Nikaiacha mpaka ikashikana kabisa. Mama Njeri akaja akasimama karibu yangu. Nikaweka chini ya mfereji, nikafungua maji.

Ilianza kuinuka pembeni. Kisha ikatoka nzima nzima, kama ngozi ya maziwa yaliyopoa, ikabaki mkononi mwangu. Nikarudia na kipande kingine, nikisema labda nimeharakisha. Ikatoka tena. Mama Njeri alichukua kile kipande mkononi mwangu akakitupa mwenyewe. Yule mama anapenda kuwaambia wateja usipoziba ufa utajenga ukuta. Siku hiyo hakusema. Alinitengenezea chai, akaweka sukari nyingi, akaniambia nikae nyuma kidogo, yeye atauza.

Nililia, usifikiri sikulia. Nililia juu ya mifuko ya simiti kama mjinga.

Jioni nilitaka kukupigia nikuambie uache hiyo mambo. Kila nikishika simu nasikia ile sauti yako, "nitapanda mwenyewe." Nikasema kesho. Kesho nikasema Jumapili. Na Jumapili iliyopita, wakati nyinyi mko kanisani, simu ikalia, namba ya Mzee Barasa jirani. Nikajua ni habari ile. Kumbe ni Baba mwenyewe. Alimwita Barasa amletee simu kitandani mkiwa hampo.

Alianza na salamu zote, unajua Baba, hata akifa leo atasalimia kwanza. Akaniuliza mvua ya Kitale. Akaniuliza kama Mama Njeri bado ana maneno. Akakohoa, nikangoja. Ilikuwa ndefu. Kisha akasema:

"Nelima, ile bunduki umeshachagua?"

Nikasema nimechagua, Baba, ni nzuri sana, nitaituma.

"Ni ya namna gani?"

Nikaanza kumweleza, nusu bomba, haina meno, inasimama papo hapo, nikaongea haraka haraka kama mchuuzi. Akanisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Rudisha hiyo," akasema. "Chukua ile ya kazi. Ile ambayo mtu anaweza kula nayo."

Nikasema Baba, kwa paa hii inatosha.

"Mama," akaniambia, unajua akiniita mama nimekwisha, "hilo paa ni mimi nililipiga misumari. Mama yenu akinipa misumari kutoka chini. Mbao zimeisha. Nalala hapa nawasikia mchwa wakila, hata hawapumziki. Unadhani silijui? Ukiziba bati, mbao utaziba na nini? Usinifanye mtoto."

Akasema, "Lakini Wanyonyi hana kitu mkononi. Anashika jembe la mtu huyu, anashika mkokoteni wa mtu yule. Huko Bungoma wanajenga maduka ya vioo, Barasa ameniambia. Sasa mnunulie chombo cha maana, ajifunzie kwa paa langu. Na apande apake. Mwache apake. Mtu akimfanyia mzazi wake kitu kwa mikono yake, baadaye anapata usingizi. Mimi sikumfanyia baba yangu kitu, alikufa nikiwa huko kwa mashamba ya chai, mpaka leo." Akakohoa. Kisha, "Usimwambie ndugu yako haya. Mwache aamini."

Nikasema ndiyo Baba. Nikaahidi. Halafu Barasa akachukua simu akasema mzee amechoka.

Sasa unaona kwamba nimevunja ahadi. Nimefikiri wiki nzima. Ningeweza kunyamaza, nikutumie bunduki na tyubu, wewe upande kwa furaha, Baba alale chini yako akijua, mimi huku nikijua, na wewe peke yako usijue. Ndivyo alivyotaka. Lakini kuna kitu kimoja Baba hajui. Anafikiri dawa itashika hata kama nyumba haitashika. Hajui kwamba itabanduka. Nilitaka kumwambia pale kwa simu nikashindwa. Na wewe nakujua, Wanyonyi. Siku mvua itakaponyesha uingie umkute amelowa, na ile silikoni imelala chini kwa matope, hutasema ni lami. Hutasema ni sabuni ya Mama. Utasema ni mikono yangu, nilipaka vibaya, nimemwua Baba. Utabeba hiyo mpaka uzeeni, na mimi nitakuwa nimekubebesha. Hapana. Heri Baba anikasirikie mimi.

Kwa hivyo sikia, na usome hapa mara mbili. Hata angekuja fundi kutoka Nairobi, hilo paa halishiki. Mimi nimepaka, nimeosha, nimeona na macho yangu. Si mkono wako.

Ile nusu bomba niliirudisha kwa rafu. Nimechukua ya tatu, ile nzito. Mama Njeri amekubali nilipe kidogo kidogo, na usiniulize zaidi ya hapo. Ukiishika utasikia uzito. Mkono wake wa kubonyeza ni mrefu, hauumizi vidole, na bomba lake linazunguka ili ukifika kwa kona usipindishe mwili. Chuma chake ni kinene, nimekivingirisha mara nyingi mpaka Mama Njeri akasema nitakimaliza. Kwa mpini kuna tundu la kukatia mdomo wa tyubu. Kata kimshazari, na ukate kadogo, wengi wanakata kubwa halafu wanalia dawa imeisha. Chini kuna waya wa kutoboa ile ngozi ya ndani. Ukimaliza, bonyeza kipande cha nyuma na gumba ili itulie, na uchomeke msumari kwa mdomo wa tyubu isikauke. Usiiache nje. Watoto wasichezee. Ukiwa unafanya madirisha ya watu, futa kioo kwanza na kitambaa kikavu, usikubali kupaka juu ya uchafu hata kama mwenye duka ana haraka. Ukikosea futa mara moja, ikishashika imeshika.

Nimeweka tyubu tatu. Moja ni ya paa. Mbili usiziguse, ni za kwenda nazo Bungoma.

Anayekuletea ni Mama Naliaka wa vitunguu, anashuka Jumanne kupitia Kiminini, atakungoja pale kwa stendi ya Webuye. Mpokee mzigo, umwambie asante, usimwache akisimama kwa jua kama ulivyofanya mara ile. Huyu mama ana miguu mibaya.

Kuhusu mimi kuja, nimemwomba Mama Njeri tena. Amesema mwisho wa mwezi, shemeji yake atamsaidia kukaa dukani. Mwisho wa mwezi ni mbali, najua. Kila siku nikifunga duka nasema labda leo ndiyo simu itanikuta njiani. Sitaki kukudanganya kwamba nina matumaini. Sina. Nikiomba, siombi apone tena, naomba tu kuwe na siku kavu, hata kidogo, aote jua pale mlangoni. Na hata hilo naona Mungu hana haraka nalo.

Nisalimie mulamwa Nasimiyu, mwambie najua mzigo wa kumpikia mkwe mgonjwa bila kumkaribia, aweke chakula pale mlangoni kama anavyofanya, na asione ni kitu kidogo. Mwambie senge, shangazi wa watoto wake, anamshukuru. Nisalimie watoto wote, yule mkubwa aende shule, hata kukinyesha. Nisalimie kukhu, nyanya wa watoto wako, yule dada ya Mama, na mumpe sukari niliyoweka kwenye mfuko, ni yake, si ya chai yenu. Nisalimie Mzee Barasa jirani yetu, mwambie nimemshukuru kwa simu yake, yeye anajua ni kwa nini. Na katekista wetu, aje amwombee Baba mara nyingi, lakini asikae sana, akikaa Baba anaongea na akiongea anakohoa.

Sasa Wanyonyi, fanya hivi. Chagua asubuhi isiyo na mawingu. Weka ngazi kwa ukuta wa mawe, usikanyage bati hata moja, mbao zitakuangusha. Paka pale unapofika, pale juu ya kitanda, pole pole, upake vizuri kama dirisha la duka. Piga bati kidogo na mkono ndiyo ajue uko wapi. Mwite kutoka juu, muulize, "Baba, ni hapa?" naye atakuelekeza, kwa sababu hilo paa analijua kuliko wewe. Usiharakishe kushuka. Ukishuka, ingia, atakuambia umefanya kazi nzuri. Atakuambia kwamba sasa kumekauka, hata kama shuka limelowa. Usibishane naye, na macho yako yasimwonyeshe kwamba unajua. Mwitikie tu, umwambie, "Ndiyo, Baba, kumekauka."

Mimi dada yako, binti wa baba yako,

Nelima